Fremu, DTF au vainili: uanze na ipi kuprinti tisheti nyumbani?

Kila anayetaka kuanza hii kazi nyumbani swali lake la kwanza ni "ninunue mashine gani?" na mi siku hizi najibu kwa kuuliza maswali mawili, joto utalitoa wapi na maji utayamwaga wapi. Wengi wanaona nazunguka. Lakini meza ya kuprintia unaweza kuigonga mwenyewe kwa mbao na bawaba mbili ikapiga kazi mwaka mzima, ila wino usipoiva tisheti zinarudi, na fremu usipokuwa na pa kuioshea hiyo biashara haina hata wiki mbili. Kwahiyo humu nalinganisha kwa kuangalia hayo mawili pamoja na aina ya oda utakazopata, bei za mashine nakuachia ukaulize mwenyewe huko uliko.

Tuanze na oda maana ndo zinachuja watu haraka.

Skrini printing (nitaiita fremu tu, ndo tunavyoiita) ni kusukuma wino kwa skwiji, kipande cha mpira chenye mpini, upite kwenye meshi, yaani wavu mwembamba uliovutwa kwenye fremu, na inataka idadi. Cheki kinachotokea kabla hujaprinti hata tisheti moja: unaosha fremu itoke mafuta, inakauka, unapaka imalsheni (dawa nzito inayoganda ikipigwa mwanga, ndo inaziba meshi pasipo na picha) sehemu isiyo na mwanga, inakauka tena masaa kadhaa, unatoa filamu ya dizaini, unachoma kwa mwanga, unaosha mpaka picha itokeze, inakauka mara ya tatu, unaziba vitobo, unapiga tepu pembeni, unaifunga kwenye meza, unajaribu kwenye kitambaa kibovu. Hapo ni rangi moja. Dizaini ya rangi nne ni fremu nne, na zote lazima zikae sawasawa zisipishane hata milimita moja. Sasa mteja akija na tisheti tatu za rangi nne utamtoza nini? Ukimwambia bei halisi ya jasho lako anakimbia, ukimpa bei anayoitaka umemfanyia kazi ya bure. Ila akija na tisheti 80 za rangi moja mambo yanageuka kabisa, ile fremu umeshaichoma mara moja, kila tisheti inayofuata ni kuvuta wino mara mbili na kuhamia nyingine, na wino unaotumika ni kidogo sana.

DTF (direct to film, yaani kuprinti kwenye filamu kwanza) ni kinyume chake. Dizaini inaprintiwa kwenye filamu, inamwagiwa unga wa gundi, unga unayeyushwa, halafu unakandamiza kwenye tisheti kwa hiti presi (mashine yenye sahani ya moto ya kukandamizia) kwenye nyuzi joto 150 hadi 160 hivi kwa sekunde 10 hadi 15. Rangi moja au rangi mia kwake ni sawa, picha ya mtu inatoka vizuri, tisheti moja inawezekana na mteja akaondoka nayo leo leo. Shida yake ni kwamba tisheti ya 200 inakugharimu karibu sawa na ya kwanza, hamna ule mteremko wa fremu. Na dizaini kubwa iliyojaa kifua kizima inakaa kama bango, hewa haipiti, mvaaji anajua kabisa kuna kitu kimebandikwa.

Vainili, ile karatasi ya plastiki yenye gundi inayoshika kwa joto, ni ya majina na namba. Unakata kwa mashine, unachomoa vipande visivyotakiwa kwa kijipini kimoja kimoja, unabandika kwa joto. Kwenye jezi za timu ambazo kila mchezaji ana jina lake na namba yake, hapo fremu haikuweki popote, utachoma fremu 22 kwa ajili ya watu 22? Lakini usimpokelee mtu dizaini yenye vinyweleo na majani madogo madogo ukasema utakata vainili, utakesha unachomoa mpaka macho yaume. (Na kumbuka kugeuza maandishi yawe kama kwenye kioo kabla ya kukata. Kila mtu ameshasahau hilo walau mara moja, mi mara tatu.)

Sablimesheni (wino unageuka mvuke kwa joto na kuingia ndani ya nyuzi) naipita haraka: inashika kwenye polista tu na kitambaa kiwe cheupe au rangi nyepesi, kwasababu haina wino mweupe. Kwa jezi na vikombe vilivyopakwa tabaka maalum ni nzuri mno, haisikiki hata ukipapasa. Kwa tisheti ya pamba nyeusi sahau.

Kwahiyo kama oda unazoziona mbele yako ni za vikundi, shule, makampuni, kampeni, yaani tisheti nyingi zinazofanana, endelea kusoma, fremu ni yako. Kama ni za mtu mmoja mmoja, hapa naomba nitofautiane na wanaosema nunua printa ya DTF. Usinunue. Nunua hiti presi tu, filamu agiza zilizoshaprintiwa kwa mita, unapanga dizaini nyingi kwenye mita moja zibanane usipoteze nafasi, zikifika unakata na kubandika. Printa ya DTF ina wino mweupe ambao ule unga wake mzito unatuama chini, usipoprinti siku chache hedi (vichwa vya printa vinavyotoa wino) zinaziba, na anayeanza nyumbani hana oda za kila siku. Utajikuta unaprinti makaratasi ya bure ili mashine isife, yaani unailisha kama ng'ombe asiye na maziwa.

Haya, tuseme umechagua fremu. Sasa ndo ulinganisho wenyewe unaanza.

Wino kwanza: plastisol au wa maji?

Plastisol si rangi ya kukauka kwa hewa, ni chembe za plastiki ya PVC ndani ya mafuta ya kulainisha, usipoipa joto itakaa mbichi hata mwezi. Na hiyo ndo raha yake. Unaprinti, simu inaita, unaenda kuongea nusu saa, unarudi unakuta wino kwenye meshi ni uleule. Unalala, kesho unaendelea. Kwenye tisheti nyeusi nyeupe yake inafunika vizuri. Kwa mtu anayejifunza bado ana mikono mizito, plastisol inasamehe sana.

Wa maji hausamehi. Unaingia ndani ya nyuzi badala ya kukaa juu, ukipapasa tisheti huusikii, na kwenye pamba nyeupe au rangi nyepesi mi naupenda kuliko chochote. Lakini unakauka kwenye fremu ukiwa bado unaprinti. Siku moja ya joto nimeprinti tisheti kama 12 za maandishi madogo, nikasimama kumfungulia mtu mlango, tukasalimiana vizuri tu, narudi naona herufi "a" na "e" zimeziba matumbo, wino umeshagandia kwenye meshi. Nikamwagia maji, nikasugua, imalsheni nayo ikaanza kumenyuka maana nilikuwa nimetumia ile isiyohimili maji. Oda ikasimama hapo. Toka siku ile nikishika wino wa maji nafanya hivi: kila nikimaliza kuvuta naifunika meshi kwa wino kwa kuusukuma kirahisi bila kukandamiza ili isibaki wazi, nina chupa ya kupulizia maji pembeni, na simu iko chumba kingine. Na imalsheni iwe imeandikwa kabisa kwamba inafaa kwa wino wa maji.

Usafi nao ni tofauti. Fremu ya wino wa maji unaiosha kwa maji ya kawaida ilimradi uwahi kabla haujakauka. Plastisol inataka kimiminika cha kusafishia, kina harufu, na mabaki yake hayaruhusiwi kumwagwa kwenye sinki wala chooni, unayachota kwa mwiko, unafuta na matambara, unayatupa kama taka ngumu. Nyumba yenye watoto wadogo na dirisha moja, fikiria hilo vizuri kabla hujabeba ndoo ya plastisol.

Unaona sasa mambo yanavyogongana? Wa maji ni rafiki wa nyumba, plastisol ni rafiki wa fundi mpya. Ushauri wangu kwa anayeanza bado ni plastisol, nyeusi na nyeupe tu, kopo mbili. Rangi nyingine zitafuata oda. Ila kama hauna kabisa sehemu yenye hewa ya kutosha, anza na wa maji kwenye tisheti nyepesi na ukubali kuharibu kidogo mwanzoni.

Kukausha, hapa ndo pamewaua wengi

Kuna kukauka na kuna kuiva, ni vitu viwili. Plastisol ikifika nyuzi 80 hadi 105 hivi inaganda, ukigusa kidole hakichafuki, unasema tayari. Bado. Plastisol ya kawaida inaiva wino wote ukifika karibu nyuzi 160, kuanzia juu mpaka ule unaogusana na kitambaa. (Zipo zinazoiva chini ya hapo, soma kopo.)

Oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa tisheti nyeusi 60, maandishi meupe kifuani. Nilikuwa na hiti gani tu, ile kama draya ya nywele ila ya moto mkali, nikawa napitisha juu ya kila moja mpaka naona wino umepoteza ule mng'ao wa umajimaji, nagusa, kavu, nakunja. Zilipendeza kweli. Baada ya wiki mwenye oda kanitumia picha, tisheti imefuliwa mara moja na maandishi yamepasuka kama tope la bwawa lililokauka, mengine yamebaki kwenye beseni. Nilirudia zote 60 kwa hela yangu. Hiti gani inachoma hapa inaacha pale, kwa mkono huwezi kulipatia joto sawa eneo lote, kwa oda ya kulipwa usiitegemee.

Kwahiyo tukilinganisha vifaa vya joto, kwa nyumbani vinavyobaki kwenye meza ni vitatu.

Flashi ni sahani ya umeme inayoning'inia juu ya tisheti bila kuigusa. Kazi yake hasa ni kugandisha tabaka la kwanza ili uprinti la pili, mfano nyeupe ya chini kwenye tisheti nyeusi, lakini ukiwa na subira unaivishia pia. Inataka uipime kwa tisheti mbovu kwanza ujue sekunde ngapi, na joto lake katikati ni kali kuliko kwenye kona. Kile kipima joto cha kuelekezea kama bastola kinasoma juu ya wino tu, chini hakijui, kwahiyo usikiamini peke yake.

Hiti presi ndo naipenda kwa anayeanza, kwasababu joto lake ni sawa sahani nzima na kesho unaweza kubandikia DTF na vainili kwa mashine ileile. Weka karatasi ya silikoni juu, kandamiza kidogo tu, usiifunge kama unakamua chungwa. Kasoro yake wino unalala na kung'aa kidogo, wateja wengine hawapendi. Kwa wino wa maji usifunge moja kwa moja, iache sahani inaelea karibu mpaka mvuke uishe, halafu ndo ufunge, wino wa maji unataka muda mrefu zaidi, mara nyingi dakika 2 au 3 kwenye nyuzi 160, maana joto linatumika kwanza kufukuza maji.

Draya ya mkanda ndo mashine ya wenye oda, tisheti inaingia huku inatoka kule imeiva. Kwa nyumbani ni kubwa, inakula umeme, iache kwanza.

Na oveni ya jikoni? Usiivishie wino kwenye oveni mnayopikia chakula, basi. Pasi pia inawezekana kwa tisheti moja ya mwanao, si kwa oda.

Kitu kingine ambacho watu hawaulizi: hivi vifaa vya joto vingi ni wati 1500 kwenda juu kila kimoja. Flashi na hiti presi kwenye ekstensheni moja pamoja na friji, utanusa plastiki inaungua, na safari hii si wino.

Namna ya kujua imeiva: shika tisheti ikishapoa, vuta kitambaa pembeni mwa picha. Wino ulioiva unanyooka na kurudi, mbichi unapasuka. Halafu ifue. Ifue kabisa, kwa maji ya moto, mara tano, si kuipitisha kwenye bomba.

Kuchoma fremu: jua au taa?

Jua ni bure na lina UV ya kutosha kuliko taa nyingi za nyumbani. Lakini jua halina rimoti. Saa nne asubuhi si sawa na saa saba mchana, wingu likipita katikati umeshapotea. Nilianza na jua, unatoka na fremu imefunikwa blanketi jeusi, filamu chini ya kioo, unafunua, unahesabu, unafunika, unakimbilia ndani kuosha. Majirani walidhani naanika kitu cha ajabu. Ilifanya kazi, ila kila siku ni kama kuanza upya.

Taa ya UV ya LED ndani ya sanduku, umbali uleule, sekunde zilezile, ndo inakupa majibu yanayofanana leo na mwezi ujao. Kama kuna kitu kimoja cha kujibana ununue mapema baada ya hiti presi basi ni hii taa. Umbali na sekunde vipime kwa fremu moja: funika kwa boksi gumu, sogeza kidogo kidogo, kila hatua iongezewe sekunde, ukiosha utaona wapi imalsheni inateleza na kumenyuka (mwanga mdogo) na wapi mistari myembamba imegoma kutoka (mwanga umezidi). Andika ile namba ukutani.

Imalsheni yenyewe kuna ya diazo, unachanganya na dawa, inachomeka polepole na inavumilia makosa ya sekunde, na kuna ya fotopolima iliyo tayari kwenye kopo, inachomeka kwa sekunde chache, ni tamu kwa mwenye taa nzuri ila ukizembea kidogo imepita. Ukichoma kwa jua chukua diazo. Ukichoma kwa LED fotopolima. Pa kupakia panatakiwa pasiwe na mwanga wa dirisha, taa ya njano inatosha kuona, bafu lisilo na dirisha linafaa ila mkubaliane na wa nyumbani kwamba kuna masaa halitumiki, mi tulishagombana hapo.

Meshi nitasema kwa kifupi. Anza na 43, yaani nyuzi 43 kwa sentimita moja, ndo ile ya 110 kwa hesabu ya inchi, kwa maandishi na nyeupe juu ya nyeusi. Ukianza kupata dizaini zenye mistari myembamba ongeza 61 au 77. Ya 120 ni kwa picha za vidoti, bado sana. Fremu za aluminiamu zinabaki zimenyooka, za mbao ukiziosha osha zinapinda na meshi inalegea, ila kwa fremu zako mbili za kwanza za kuharibia mbao si dhambi.

Meza ya bawaba au ile ya kuzunguka?

Ile yenye mikono minne au sita inayozunguka, Michael Vasilantone alianza kuitumia Marekani mwaka 1960 na hataza yake ikatoka 1969, na mpaka leo zile za mikono ni wazo lilelile. Ni mashine nzuri, inakupa rangi nyingi, lakini inakula sebule. Meza ya bawaba ina fremu moja, inakunjwa, inaingia chini ya kitanda. Tofauti kubwa iko kwenye kulenga rangi: kwa bawaba rangi mbili inawezekana kama bawaba hazichezi na tisheti haitoki kwenye ubao mpaka umalize, kwa rangi tatu utaanza kutukana. Mi nasema bawaba mpaka siku umekataa oda tatu za rangi nyingi ndani ya mwezi mmoja, hapo ndo ya kuzunguka inajilipa. Vyovyote utakavyochagua, fremu isilale moja kwa moja juu ya tisheti, acha nafasi ya milimita 2 hadi 3 kwa kubandika sarafu au vipande vya kadi kwenye pembe, meshi iguse pale tu skwiji inapopita halafu iachie. Wino ukivuja pembeni mwa herufi, tisheti nyingi za wanaoanza, shida ni hiyo na si wino mbaya.

Maji sasa. Kuosha fremu kunataka mgandamizo, na kutoa imalsheni ya zamani kunataka dawa ya kuiondolea. Hiyo dawa ukiipaka USIIACHE IKAUKE. Niliwahi kuipaka fremu mbili, maji yakakatika, nikasema nasubiri yarudi, yaliporudi imalsheni ilikuwa imejifunga kwenye meshi moja kwa moja, haikutoka tena, nikachana meshi zote mbili na kuweka mpya. Kwahiyo kama maji kwenu ni ya kuja na kuondoka, jaza ndoo kwanza halafu ndo ufungue hiyo chupa. DTF kwa upande huu inashinda bila kushindana, haitaki hata glasi ya maji.

Polista nayo ina vituko vyake: ukiprinti nyeupe juu ya jezi nyekundu na joto kubwa, rangi ya kitambaa inapanda, baada ya siku mbili nyeupe imekuwa pinki. Kuna wino wa joto la chini unaozuia hilo, lakini mwezi wa kwanza kataa tu polista, sema unafanya pamba.

Na nembo za timu kubwa au makampuni bila ruhusa, mteja atakwambia "we printi tu, mbona wote wanaprinti". Muombe barua ya mwenye nembo. Ukikosa, kataa.

Kama ingekuwa naanza leo na chumba kimoja: hiti presi, fremu mbili za 43, meza ya bawaba, plastisol nyeusi na nyeupe, diazo na jua kwa wiki za mwanzo. Oda za tisheti chini ya 15 au zenye rangi zaidi ya mbili ningeziagizia filamu za DTF na kubandika kwa presi ileile, nyingine zote fremu. Namba 15 si sheria, ni pale ambapo kwangu mimi uchovu wa kuandaa fremu unaanza kulipwa, ya kwako utaijua ukishapima muda wako kwa saa kuanzia kuosha fremu mpaka tisheti ya kwanza. Oda yako ya kwanza iwe tisheti nyeupe, wino mweusi, maandishi manene, na ongeza tisheti mbili za ziada kwenye hesabu, maana ya kwanza na ya saba huwa zinaharibika, sijui kwanini ya saba.